Zamu Yangu ya Msiba

Yeoville, mtaa wa Johannesburg, mimi nilikuwa mtu wa sufuria. Akifiwa mtu, awe wa Tanga, wa Unguja au Mkongo wa Bukavu, nilipigiwa simu mimi kwanza, kabla ya shehe na kabla ya mchungaji. Nilikuwa na sufuria mbili kubwa za pilau, nazipandisha kwa ngazi hadi ghorofa ya nne, maana lifti ya jengo letu ilikufa kabla sisi hatujahamia. Maiti hatukuwa nao. Maiti wote walikuwa kwao, mbali, wameshazikwa, na kazi yetu ilikuwa kukaa na mfiwa tu, chini, kwenye mkeka, viatu vimejaa koridoni hadi mlango wa jirani. Wakongo wa saluni ya chini walipanda na vitenge vyao wakaimba nyimbo zao za kanisani, sisi tukasoma Yasini, na hakuna aliyemkatiza mwenzake. Kifo cha wengi harusi. Nilipika, nikaosha vyombo, nikarudi chumbani nanuka vitunguu. Na siwafichi, moyoni nilijua naweka akiba. Siku yangu ikifika, watu hawa watapanda ngazi hizi hizi kwa ajili yangu.

Halafu mume wangu akapata duka. Si Joburg. Huko chini kusini, kwenye nyika kavu ya kondoo, mji mdogo ambao hata dereva wa basi alituuliza mara mbili kama kweli tunashuka pale. Mtani wetu mmoja wa Tanga alikuwa anarudi nyumbani, akamwachia mume wangu spaza yake: mkate, sukari, mafuta ya taa, vocha za simu. Mume wangu alikuwa amechoka na Hillbrow, mtaa wa jirani. Ameporwa simu kwenye kona ile ile mpaka akawa anasema mwizi naye amemzoea, wanasalimiana. Aliniuliza nikiwa nakata nyanya. Nikasema haya. Watu wa Yeoville walidhani nimelazimishwa, lakini wala. Nilisema haya, nikaendelea na nyanya zangu.

Nilipompigia mama yangu simu Tanga kumwambia, alicheka.

"Kusini ya kusini? Mwanangu, unazidi kwenda tu! Utakuja kutumbukia baharini."

"Nikitumbukia nitakupigia, mama."

Mji wenyewe ni barabara moja, pana mno kwa magari yaliyopo. Hakuna robot, yaani taa za barabarani, hata moja, maana hakuna cha kusimamisha. Kuna kanisa la mawe, duka la zana za wakulima, kituo cha mafuta, na malori ya kondoo yanayopita bila kusimama. Duka letu liko ng'ambo ya reli, lokesheni, mtaa wa watu weusi, nyumba ndogo ndogo zilizopangwa mstari, na upepo unaoanza alasiri na kuingiza vumbi hadi ndani ya mkate. Watu wa pale ni wazuri, sisemi kitu. Mtu anakuona yuko upande wa pili wa barabara, anainua mkono, anakuuliza hali, anaendelea na njia yake. Lakini salamu yao iliishia njiani. Hakuna aliyepiga hodi kwetu, na sisi hatukupiga hodi kwa mtu. Jina letu lilikuwa "wale wa dukani". Asubuhi nafungua, jioni nafunga, nalala. Ukiniuliza nilikuwa na huzuni, nitakwambia hapana. Huzuni naijua. Ile haikuwa kitu.

Kaka yangu alipiga simu asubuhi, mimi nafunga sukari kwenye vifuko.

"Mama hatunaye," akasema. "Tunazika alasiri."

Kwetu maiti halazwi. Hata ningekuwa na mabawa nisingefika. Nikasema, "Inna lillahi," nikafunga fundo la kifuko nilichokuwa nacho mkononi. Akaingia mteja, anataka mkate. Nikampa mkate, nikampa chenji yake.

"Sharp, sisi," akasema, yaani poa, dada.

"Sharp," nikamjibu. Hilo ndilo neno langu la kwanza kwa binadamu baada ya kufiwa na mama.

Mume wangu alifunga duka, akakaa na mimi kitandani, akasoma. Hakumaliza ukurasa, mtu akagonga dirisha anataka mafuta ya taa. Akaenda kumuuzia. Simlaumu, watu wangepikia nini? Aliporudi akasema, "Twende Joburg. Wenzako wakukalie msiba."

"Hakuna haja," nikasema. Jamani, mimi! Mimi niliyebeba sufuria miaka yote ile! Lakini kufikiria kukaa kwenye basi, kufika, kukumbatiwa, kulia, niliona kama kazi ya mtu mwingine.

Wenyewe hawakunisubiri. Rafiki yangu Mkongo, msusi wa ile saluni, ndiye aliyechukua chumba chetu tulipohama. Jioni ile akanipigia simu ya video.

"Dada, pole sana. Tumeshakaa. Watu wote wako hapa kwako."

Akaiegemeza simu kwenye mto ili na mimi niwe msibani. Niliona miguu. Niliona dari, na lile doa la maji ninalolijua kuliko uso wangu. Nikasikia kifuniko cha sufuria yangu, ile moja niliyowaachia, nikasikia mtu analalamika wali hauna chumvi.

"Ongezeni basi chumvi!" nikasema. Hakuna aliyenisikia. Wakaanza kuimba, mtandao ukakatika, nikabaki naangalia kioo cheusi. Usinicheke: niliona wivu. Nilionea wivu msiba wangu mwenyewe. Zamu yangu imefika, watu wamepanda ngazi, mkeka umejaa, na mfiwa hayupo.

Baada ya hapo mwili ukafa ganzi kabisa. Siku moja nilitia chumvi kwenye chai nikainywa yote, mume wangu alipoonja yake ndipo tukajua. Sikulia. Pale mjini hakuna aliyeniambia pole, kwa sababu hakuna aliyejua, na mimi sikumwambia mtu. Utamwambiaje mtu anayenunua mkate? Nikaanza kuogopa kwamba mama yangu atapita hivi hivi, bila chozi langu hata moja, kama mteja.

Ijumaa moja mchana nikaona hema jeupe linasimamishwa nyumba inayotazamana na duka. Amefariki mzee wa pale, mkata manyoya ya kondoo, na wao huzika Jumamosi. Masufuria ya miguu mitatu yakawekwa motoni uani. Wanawake wakaanza kuingia, mashuka mabegani, vilemba kichwani, kila mmoja na kisu chake na ndoo. Nilisimama mlangoni nikawatazama wanavyoingia. Hakuna aliyepiga hodi. Msibani hakupigwi hodi, popote pale.

Nikaingia ndani nikachukua kisu, kanga ya kujitanda, na pakiti ya sukari.

"Unakwenda wapi?" mume wangu akauliza. "Yule mzee unamjua?"

"Simjui."

"Sasa?"

"Nakwenda msibani."

Akanitazama. Kisha akainuka, akateremsha pakiti ya pili ya sukari rafuni akaniwekea juu ya ile ya kwanza.

Uani kulikuwa na mama mmoja mnene aliyekaa mbele ya mlima wa kabichi. Akanisogezea kreti.

"Wa dukani! Kumenya unajua?"

Kizulu changu cha Joburg na Kixhosa chao vinasikilizana. "Nipe hizo karoti," nikamwambia, "halafu uone."

Nikamenya. Walikuwa wanataniana, wanamsema mchungaji kwa mahubiri yake marefu, na mimi nacheka wanapocheka. Mtu akafunua sufuria kubwa, mvuke ukaja, na ndani, weee, makande! Mahindi ya kukoboa na maharage, kama yale ya mama yangu Msambaa, aliyewapikia watu wa pwani makande mpaka wakayaomba wenyewe. Mkono wangu ukasimama. Nikangoja machozi. Hayakuja, nikaendelea na karoti.

Kazi ilipopungua, mama wa kabichi akanishika mkono tukaingia ndani kumpa pole mjane. Chumba kilikuwa kimetolewa vitu vyote. Kulikuwa na godoro chini, mshumaa, na mjane amekaa na blanketi mabegani, miguu ameinyoosha. Tulipanga mstari. Kila mmoja anapiga goti, anasema neno lake, anapisha. Zamu yangu ikafika.

"Wewe wa dukani," akasema mjane kwa sauti iliyokwisha. "Mume wangu alikuwa anakuja kwenu?"

Uongo nilikuwa nao tayari mdomoni: ndiyo, mama, alikuwa mtu mzuri, alikuwa ananunua tumbaku.

"Simjui, mama," nikasema. "Mama yangu amefariki kwetu, wamemzika bila mimi. Hapa sina watu wa kukaa nao."

Aibu ikanishika. Nimekuja kumwibia mjane msiba wake, mbele ya watu, kwa pakiti mbili za sukari! Nilitaka kuinuka niende zangu.

Mjane akanitazama. Kisha akaanza kusogea kuelekea ukutani, polepole, akiinua mguu mmoja kwa mikono, halafu wa pili. Akaupigapiga ule upande wa godoro aliouacha.

"Kaa."

Nikakaa. Akanifunika na nusu ya blanketi lake.

"Anaitwa nani?"

Nikamwambia. Akalisema vibaya, nikamsahihisha, akalisema tena.

Mama wa kabichi alipopiga magoti kutuombea, alimtaja marehemu wao kwa jina na kwa ukoo. Mjane akamgusa bega, akamnong'oneza. Na jina la mama yangu likatajwa mle chumbani, la pili, kwa sauti kubwa, vibaya kabisa. Safari hii sikulisahihisha, kwa sababu nilikuwa nalia.