Siku Niliyoshuka Kaburini na Mzee Zakaria

Naikumbuka siku moja, mwanangu, naikumbuka mpaka baridi yake, maana Iringa mwezi wa sita si mchezo. Ni siku tuliyomzika kaka yangu Yohana. Nakusimulia leo kwa sababu nimesikia umeapa mbele za watu kwamba waliomuumiza ndugu yako watakukoma. Kaa hapo. Mimi pia niliwahi kuapa, na mdomo wangu huu nusura uue mtu.

Miaka ile ya sabini tulihamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mistari kama madawati ya shule. Aliyepanga hakuuliza nani hapatani na nani, basi mlango wetu ukatazamana na wa mzee Zakaria. Familia zetu zilikuwa na ugomvi wa siku nyingi, ulioanzia kwenye mianzi ya kugema ulanzi, ile pombe yetu. Baba yangu mdogo, Alfoni, ndiye aliyeanza kumwaga damu: alimpiga rungu mdogo wa Zakaria, akafa. Alifungwa, akatoka. Kisha Petro, mtoto wa kwanza wa Zakaria, akakutana na kaka yangu njiani, wote wametoka kilabuni, akamchoma kisu. Petro alikamatwa siku hiyohiyo. Ingeweza kuishia hapo.

Lakini mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilikuwa na sauti. Kwetu dada wa marehemu ndiye aliyeongoza maombolezo, na alichokiimba wanaume walikisikia kama amri. Asubuhi ile nilimlilia Yohana, kisha nikaongeza la kwangu. Nikamtaja Daudi, mdogo wake Petro, kijana ambaye hakuwa amemgusa mtu. Niliuliza kwa wimbo, iweje Zakaria abaki na mtoto wa kiume, mama yangu abaki mikono mitupu? Wanawake wakaitikia. Nilijiona mkubwa, usinione hivi. Nikamwona baba mdogo anainuka kwenda kunoa panga, na sikunyamaza. Hilo ndilo kosa langu na silipambi.

Zakaria alisikia kila neno, maana kilichotutenganisha ni barabara tu. Akatoka nyumbani kwake peke yake, jembe begani, akapita katikati ya waombolezaji.

"Kamwene," akasalimia.

Akaenda moja kwa moja makaburini, ambako vijana walikuwa wameshaanza kuchimba, akashuka shimoni. Vijana wakatoka mmojammoja, wakamwacha. Sisi wengine tukafuata mbio, na baba mdogo mbele yetu.

"Mzee, toka humo," baba mdogo alisema, panga mkononi.

"Sitoki, Alfoni. Nimesikia binti amemtaja Daudi. Daudi hana kosa. Mwenye kosa ni Petro, na Serikali inaye. Kama lazima aende mtu mwingine, mimi nimeshaingia. Ila niache nimalize kuchimba kwanza, Yohana asije akalala pafupi."

Akainama, akaendelea kuchimba. Alikuwa mzee yule, anakohoa, na shimo lilikuwa halijamfika hata kiunoni.

Panga likainuka. Na watu wote, mwanangu, wakanigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyeimba. Neno langu moja lingetosha. Hata kunyamaza kungetosha. Niliogopa sana, nakwambia kweli, lakini niliona aibu kuliko nilivyoogopa. Nikaokota jembe moja la wale vijana nikarukia ndani.

Mwanamke kuingia kaburini! Shangazi zangu walipiga kelele kwamba nimerukwa na akili.

"We mtoto, toka!" baba mdogo akafoka. "Ukichimba hapo hutaolewa. Na mimi si baba yako tena."

"Basi tukate wote wawili, baba," nikamwambia. "Halafu mtafute mwingine wa kuwaimbia."

Nikaanza kuchimba. Zakaria hakunitazama. Alisema tu, "Anzia huku, mwanangu, huko kuna mawe," na nikaona machozi yanamdondoka.

Hapo mama yangu, ambaye tangu jana yake hakuwa ametamka neno, akaja akaketi ukingoni mwa kaburi, miguu akaining'iniza ndani, mgongo akampa shemeji yake na panga lake.

"Alfoni," akasema bila kugeuka, "ulipomuua mdogo wake huyu mzee hukuniuliza. Yohana ndiye aliyelipa. Leo nakuuliza mimi. Unataka kunibakizia nani?"

Baba mdogo akashusha panga akaenda zake. Vijana wakarudi, tukachimba pamoja. Baada ya maziko wachimbaji wakanawa kwenye beseni moja, na mama mwenyewe ndiye aliyemmiminia Zakaria maji. Tangu siku ile hajauawa mtu wa kwao wala wa kwetu.

Nililipia. Baba mdogo hakunipa mkono mpaka anakufa. Waliniita mwanamke wa kaburi, na jina hilo likanifuata mpaka Ilomba huku Mbeya nilikoolewa. Ndiyo, niliolewa! Nikazaa sita, na ninyi hapa mnanimalizia sukari kila siku. Kama nililaaniwa, laana yenyewe ndiyo hii, na naipenda.

Sasa nisikilize. Nenda polisi, nenda mahakamani, dai haki ya ndugu yako mpaka wakuchoke. Sikukatazi. Lakini usimtaje mtoto wa mtu asiye na kosa, na usikubali vijana wakusubiri wewe useme neno. Waambie hapana, kwa sauti, wakiwa wanakutazama. Watakuita mwoga. Waache waite. Mimi nimewaona wanaume na mapanga yao, na siku ile shujaa alikuwa mzee mmoja anayekohoa.

Mungu akupe ulimi mzito siku ya hasira. Akupe moyo wa kusimama peke yako ndugu zako wakikuzomea. Na watoto wako wakue bila kuanza kulipa damu ambayo hawakuimwaga.