Mzee Aliyesema Hajambo

Nakumbuka siku moja ya katikati ya wiki, baada ya sala ya adhuhuri, nilipokuwa karani wa mapokezi katika idara ya dharura ya hospitali moja hapa Maskati. Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa na mwaka mmoja kazini, muda ambao mtu hudhani keshajua.

Kanuni tuliyopewa ilikuwa fupi: kila anayekuja kutafuta tiba aonwe kwanza na muuguzi, karatasi baadaye. Lakini watu walikuwa wengi, nami nikajizoesha kupunguza foleni kwa macho. Aliyetoka damu nilimwingiza; aliyesimama kwa miguu yake nilimtaka barua ya kituo cha afya cha mtaani kwao. Hakuna aliyenifundisha hilo, mwanangu. Ubaya mwingi wa kazini huanza kama wepesi.

Akaja mzee mmoja, kanzu yake safi, peke yake. Bintiye alikuwa nje akitafuta pa kuegesha gari. Aliposikia lafudhi yangu alifurahi, tukaacha Kiarabu, tukazungumza Kiswahili.

"Shikamoo, babu. Hujambo?"

"Marahaba, baba. Sijambo, alhamdulillahi. Nna kiungulia tu, kinapanda hapa." Akagusa kifua.

"Umekula nini?"

"Pilau la binti yangu."

"Basi hilo halitaki daktari, babu. Linataka mpishi mwengine."

Akacheka. Nikamwambia aende kituo cha afya cha kwao, Al Khuwair, wampe dawa au barua. Akanishukuru. Jasho lilikuwa likimtiririka, na mimi nimevaa sweta kwa ubaridi wa kiyoyozi. Niliona, nikapuuza.

Nje, kama nilivyokuja kujua, alimwambia bintiye: "Wamesema si kitu."

Alifia garini, kwenye barabara kuu. Binti akageuza gari, akamrudisha kwetu. Madaktari walihangaika naye, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Kisha binti akaja kusimama mbele ya dirisha langu, akauliza bila ya kupandisha sauti: "Nani aliyempima baba?"



Mkuu wa wauguzi, Bi Zuwena, mtu wa Unguja, aliniita chumbani kwake. Nikajitetea kwa methali, kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. "Nilimuuliza hali, bibi. Mwenyewe kasema hajambo."

"Ulimuamkia," akasema. "Ulitaka akujibu nini? Mamaangu kasema hajambo na ulimi umeshaanza kumuwia mzito kwa kiharusi. Ndivyo tulivyolelewa, na wewe umelelewa vivyo hivyo. Hakuficha maradhi yule. Kaja nayo mpaka dirishani kwako, ukamrudisha nayo."

Niliandika maelezo, nikaadhibiwa, na adhabu ikaisha. Lakini kabla ya hayo, siku ya tatu ya msiba, nilikwenda matangani. Mwanawe wa kiume alinipa kahawa, akaniuliza nilimjuaje marehemu. Nikasema, "Tuliamkiana." Kahawa sikuimaliza.

Baada ya hapo nilinunua vitabu vya tiba, nikavisoma kwa miaka, kamusi pembeni. Nilitaka kujua kiungulia kinatofautianaje na moyo unaokaribia kusimama. Nilichojifunza ni kwamba hata tabibu hatofautishi kwa kutazama tu, hupima. Basi kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kuwaita wauguzi, hata wakanicheka.

Mwanangu, huenda nawe siku moja ukawekwa penye mlango wa wagonjwa, uwe karani, mlinzi au dereva. Usimpime mtu kwa jicho, wala kwa kanzu, wala kwa adabu ya majibu yake. Mwite mwenye kipimo. Akikutwa mzima, umepoteza dakika chache na pengine umelaumiwa kwa foleni. Lawama hiyo ipokee. Mgonjwa hana wajibu wa kukuridhisha kuwa anaumwa ndipo aonwe. Na usiseme "si kitu" kwa jambo usilolijua, kwani mwenzio atalibeba neno lako kama dawa.

Mwenyezi Mungu amrehemu mzee yule, na anisamehe. Akujaalie wewe subira katika kazi, akuepushe na kuwa sababu ya msiba wa nyumba ya mtu, na wazee wako watakapougua, awakutanishe na mtu atakayewapima.