Nilivyokunja Jani Vibaya Ukweni Siku ya Onam

Wadau, mimi ndiye niliyemtangazia bibi wa watu msiba wake mwenyewe, naye kakaa mbele yangu anatafuna ndizi.

Naitwa Kiran, mtoto wa Hyderabad. Niliendesha gari hadi Palakkad, kwa kina Anagha, kula sikukuu ya Onam na kumposa. Baba yake, Mzee Balan, alishasema kwenye simu: "Njoo ule, ila harusi isubiri miaka mitatu. Nikujue kwanza."

Miaka mitatu! Jamani, si nitazeeka?

Njiani, Bengaluru, nikakuta maandamano ya sikukuu ya mungu Ganesha. Nikashuka, nikacheza mpaka nikapakwa rangi masikioni. Kufika Salem nilishajiona profesa wa sherehe zote za kusini mwa India. Anagha alipopiga simu anifundishe adabu za kwao, nikamkata: "Tulia mama, mimi mzoefu."

Mzoefu wa nini, sijui.

Tukaketi mkekani, kila mtu na jani lake la mgomba. Wali, dengu, achari ya embe, payasam tamu ya kumalizia. Nikala mpaka nikahema. Kisha nikalikunja jani langu kwa madaha, nikilisukumia mbele, mabaki yasinielekee. Si ndiyo ustaarabu?



Bibi, mama yake Mzee Balan, akaacha kutafuna ndizi. "Balan, nani kafa?"

Anagha akaninong'oneza. "We mwehu! Hivyo tunakunja matangani. Kwenye sherehe unakunjia kwako!"

Nikalifunua haraka nilikunje upya.

Kosa la pili. Jani likiwa wazi, maana yake mgeni bado ana njaa. Mjomba mwenye ndoo ya wali akanishindilia mlima, mwingine akafuata na mchuzi. Nikatae? Nishaua mtu tayari! Nikala huku machozi yananilenga.

Mzee Balan akatikisa kichwa. "Miaka mitatu haitoshi. Tuseme mitano."

Nikajua nimekwisha. Moyo uliniuma kuliko tumbo, na tumbo lilikuwa linapasuka.

Bibi akapiga sakafu kwa kiganja. "Mitano? Kijana kashanizika, we unasema mitano? Mimi nitaiona lini? Harusi mwaka huu huu, kabla hilo jani lake halijafanya kazi!"

"Lakini mama..."

"Lakini nini? Unabishana na marehemu?"

Watu wakaangua kicheko. Mzee Balan akanywea.

Tukaoana mwaka ule ule. Bibi alicheza kunishinda.

Funzo, ndugu zangu: ugenini ukishashiba, tulia, tazama wenyeji wanakunjaje. Na ukishakosea, acha hivyo hivyo. Ukijifanya kurekebisha, utalishwa upya.