Amri ya Delphia na Jumatatu ya Kulungu

Delphia Stiltner alipika katika shule ya msingi ya bonde letu kwa miaka kumi na tisa. Kila alfajiri alikanda kwa mikono unga wa vimkate vya watoto mia mbili. Mashine ya kukandia ilikuwepo, imefunikwa shuka pembeni kama maiti. Alisema mashine haijui unga umechoka saa ngapi. Watoto waliokula vimkate hivyo wakakua, wakaingia mgodini, na mgodi ulipofungwa wakahamia jimbo jirani la Ohio. Hapa tulibaki wazee, wagonjwa, na watu kama Burl, mumewe.

Burl alianza kumpiga mwaka wa tatu wa ndoa. Zamani jambo hili lilikuwa na njia yake. Kaka za mke walishuka Jumapili baada ya ibada, wakamwomba shemeji yao watembee naye kidogo hadi mtoni. Alirudi akichechemea, na mke hakuguswa tena. Sisemi ilikuwa haki. Nasema ilifika kwa wakati. Lakini kaka wawili wa Delphia walikwisha kufa kwa vumbi la makaa, na wa tatu anaendesha lori Carolina Kaskazini, hutuma kadi wakati wa Krismasi. Mahali pa wale kaka, serikali ya jimbo ilituletea karatasi.

Karatasi yenyewe ni amri ya ulinzi. Mwanamke aliyepigwa anakula kiapo mbele ya hakimu, na hakimu anaamuru mume ahame nyumba, asimkaribie mke, akabidhi bunduki zake. Niliisoma sheria hiyo yote katika maktaba ya kaunti, kamusi ubavuni. Ina maneno mazuri kuliko mahubiri mengi niliyowahi kusikia. Ila amri haimfungi mume mpaka askari wa kaunti amkabidhi nakala yake mkononi.

Alhamisi moja ya Novemba, Burl alimmwagia Delphia miguuni sufuria ya maharage yaliyokuwa yanachemka, kwa kuwa chumvi ilizidi. Ijumaa alikwenda kwa hakimu amevaa ndara kwenye baridi kali. Alipewa amri. Nakala yake aliikunja, akaitia kwenye mfuko wa plastiki wa mkate, akaificha kifuani. Akaja kulala kwangu, nyumba ya jirani, katika chumba cha cherehani cha marehemu mke wangu.

"Sasa nimekingwa, mjomba," aliniambia. "Hakimu ametia sahihi kwa wino wa buluu, nimeona mwenyewe."

Jumamosi alipita Ermal Cline, askari wa kupeleka karatasi za mahakama katika bonde letu. Alisimamisha gari langoni.

"Umeshampa Burl yake?" nikamuuliza.

"Mzee nawe! Leo Jumamosi. Keshokutwa ni Kulungu. Tangu lini mtu akapelekewa karatasi kwenye Kulungu? Nitampa Jumatano."

"Na bunduki zake?"

"Nimnyang'anye mtu bunduki siku mbili kabla ya Kulungu? Wewe umezaliwa wapi, mzee, Ohio?"

Tukacheka wote wawili. Hili sitalificha: nilicheka. Kwetu Jumatatu ya kwanza ya msimu wa kulungu ni kubwa kuliko Pasaka. Shule hufungwa, mahakama hufungwa, hata anayedaiwa na anayemdai hukaa chini ya mti mmoja wakingoja mnyama. Baba yangu aliikuta desturi hiyo, na ni katika chache tulizobakiwa nazo.

Jumapili Delphia akaniuliza kama kesho yake angeweza kwenda nyumbani kwake. Alitaka viatu vya kazini, dawa zake za kisukari, na kile kifimbo cha kusukumia unga alichoachiwa na mama yake.

"Burl hatakuwepo, mjomba?"

"Binti, Jumatatu ya Kulungu hata aliyekatwa mguu yuko msituni. Nenda saa tatu, saa nne umerudi."

Tusilolijua ni kwamba mchana huo huo, baada ya ibada, Ermal alimpigia Burl simu. Yalijulikana baadaye kortini, na Ermal mwenyewe aliyasema kwa sauti safi kabisa, kofia mapajani.

"Nilimwambia, Burl, ndugu yangu, nina karatasi yako. Mkeo ndiye aliyeitaka. Usikasirike, kawinde kwanza, nitakuletea Jumatano."

"Kwa nini ulimpigia?" hakimu akauliza.

"Ni adabu tu, mheshimiwa. Marehemu baba alikuwa askari hapa miaka thelathini. Hakumwendea mtu kwake bila kumpigia."

Ni kweli, baba yake alifanya hivyo. Lakini enzi za baba yake, aliyepokea simu alijua kuwa nyuma ya karatasi kuna kaka watatu. Ermal alirithi simu bila wale kaka.

Jumatatu, Delphia alifungua mlango wa jikoni kwa ufunguo wake. Burl alikuwa ameketi mezani, amevaa fulana ya rangi ya chungwa ya kuwindia, anakunywa kahawa. Gari lake alikuwa amelificha nyuma ya ghala.

"Karibu kwako," akasema. "Umeleta karatasi?"

Delphia akaitoa kifuani. Akainyoosha mbele ya uso wa mumewe. "Soma. Hutakiwi kuwa hapa. Hutakiwi hata kunisogelea."

Burl akaisoma taratibu, akifuata mistari kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza, kisha akamrudishia.

"Hii ni yako. Yangu anayo Ermal, atanipa Jumatano. Maana yake leo Jumatatu mimi ni mume na wewe ni mke, na hapa ni kwangu. Ndivyo ilivyo au sivyo, bibi sheria?"

Delphia aliikunja karatasi, akairudisha kifuani.

"Kiapo chako ulikisaini kwa mkono gani?"

"Burl, tafadhali."

"Nimekuuliza mkono gani. Basi, kama umesahau, weka yote miwili mezani."

Alitumia kisogo cha shoka. Mkono wa kulia kwanza, kisha wa kushoto, kidole baada ya kidole, na kila kimoja alikipa jina la mtu aliyemsaidia mkewe. Kimoja kilipewa jina langu. Delphia alipiga kelele, lakini asubuhi hiyo milima yote ilikuwa inalia risasi. Mimi nilikuwa barazani na kikombe changu, nahesabu milio na kukisia nani kapata mnyama. Nilikuwa na furaha.

Alipomaliza, Burl alivaa kofia, akaenda kuwinda. Saa nane mchana alipiga dume lenye pembe za matawi manane. Picha yake ilitoka katika gazeti la kaunti, anatabasamu, ameshika pembe. Gazeti lilikwisha kuchapwa Ermal alipokwenda kumkamata.

Kesi ya kuvunja amri ilitupwa, kwa sababu huwezi kuvunja amri usiyokabidhiwa. Kwa kuivunja mikono ya mkewe Burl alipewa mwaka mmoja jela, ukianzia siku aliyokamatwa. Vidole vya Delphia viliunganishwa kwa vyuma, vikapona vimepinda kama mizizi ya tangawizi. Shule ilimfunulia mpishi mwingine ile mashine.

Baridi ile bunge la jimbo lilipokaa, Delphia aliomba kwenda kusema. Nilimpeleka kwa gari langu, saa nne za barabara ya milimani. Mbele ya kamati alipewa dakika tatu, akatumia moja.

"Sitaki sheria nyingine," alisema. "Nataka hii hii mliyo nayo, lakini ifike. Hakimu akisaini, mume apewe siku hiyo hiyo, iwe siku gani. Mume wangu atatoka jela karibu na Kulungu. Nataka siku hiyo amri ifike kabla yake. Basi."

Seneta wetu alilia waziwazi, akashuka, akamshika mikono yote miwili mbele ya wapiga picha. Delphia alikunja uso. Gazeti liliandika kuwa alizidiwa na shukrani. Ilikuwa maumivu.

Sheria ikapita, kura zote. Mwezi wa tano ilikuja kwa posta, na barua ya seneta juu yake. Tuliketi jikoni kwangu nikamsomea.

"'Amri ya ulinzi itakabidhiwa kwa mlalamikiwa ndani ya saa ishirini na nne tangu kutolewa...'"

"Mungu ni mwema," akasema Delphia.

"Haijaisha. '...bila kuhesabu siku ambazo mahakama ya kaunti imefungwa.'"

"Soma tena."

Nikasoma tena. Alikuwa akisukuma makombo ya mkate wa mahindi mezani kwa ubavu wa kiganja, maana vidole havikuweza.

"Jumatatu ya Kulungu mahakama inafungwa, mjomba?"

"Inafungwa."

"Jumanne?"

"Tangu baba yangu akiwa mtoto. Hufunguliwa Jumatano."

"Basi wameiandika wanaume wanaowinda," akasema, akaomba kahawa nyingine.

Burl alitoka jela Ijumaa mchana, kabla ya Jumatatu ya Kulungu, iliyochelewa mwaka huo, kama ilivyokuwa imeandikwa. Saa hiyo hiyo Delphia alikuwa kwa hakimu kuomba amri mpya, kwa kuwa ya kwanza ilikwisha muda wake. Alipewa jioni, mlango wa mahakama ukifungwa nyuma yake. Jumamosi simu yangu ikalia, nikamshikia sikioni. Alikuwa Ermal.

"Delphia, dada yangu, nimejifunza. Safari hii simpigii Burl. Nakupigia wewe. Nitampa Jumatano asubuhi, kama sheria mpya inavyosema."

"Ahsante, Ermal."

Jumapili nilimpeleka kituo cha basi la kwenda Ohio. Hakuweza kushika mkoba, nikamvisha shingoni. Kifimbo cha mama yake kilikuwa bado kwa Burl.

Jumatano mchana Ermal alisimama langoni kwangu, damu ya kulungu imemkaukia kwenye mikono ya koti.

"Nimempa, mzee. Saa nne kamili asubuhi, na saa nimeiandika. Ametia sahihi bila ubishi, muungwana kabisa."

"Amri inasema ahame nyumba ile."

"Mke mwenyewe kaondoka! Nimtoe Burl nimwachie nani nyumba, panya?" Akacheka, akaningoja nami nicheke. Kisha akawasha gari.

Karatasi ilikabidhiwa ndani ya muda wa sheria. Burl yumo katika nyumba ile hadi leo.