Tum ya Nyumbani kwa Warsame

Wewe uliyekulia kwenye majani chai upande wa Konoin miaka ya tisini huhitaji kuelezwa baridi ya saa kumi na mbili asubuhi. Tulikata njia katikati ya mashamba tukienda shule, umande ukitulowesha mpaka kiunoni, na sketi zetu zikakaukia mwilini huku mwalimu akiita majina. Kiazi cha kuchoma mfukoni kilikuwa chakula na kilikuwa hita. Siku hizi mwanangu wa mwisho akiguswa na matone mawili ya mvua anataka nimwitie pikipiki. Ukimwambia tulikuwa tunacheza brikicho mvua ya mawe ikinyesha, anakuuliza kama wazazi wetu hawakutupenda.

Senta yetu ilikuwa chini kidogo ya Kimulot. Kulikuwa na maduka sita, kinu cha kusaga mahindi, kituo cha kupimia majani chai, na familia mbili za Wasomali. Mama Abdi alikuwa na duka la vitambaa, analiendesha na mwanawe mkubwa, Abdi. Nyuma ya kinu, kwenye banda la mabati, alikaa Warsame mhunzi, na mkewe, na binti zao wawili. Sahra alikuwa amemaliza kidato cha nne, anashona nguo barazani. Hodan, mdogo wake, alikuwa rafiki yangu wa darasa la nne.

Mimi nilidhani wote ni ndugu. Walizungumza lugha moja, walisali pamoja Ijumaa katika chumba cha nyuma ya duka, na wanawake wao walijifunga mitandio mirefu ya aina moja. Nani angefikiria vingine?

Banda la Warsame ndilo lililokuwa sinema yetu. Alikata springi za lori kuukuu, akaziweka kwenye makaa, naye Hodan akivuta mivukuto ya ngozi ya mbuzi mpaka chuma kikawa chekundu. Kilitoka kisu cha kupogolea chai, na hakuna boma kwetu lililokosa kisu cha Warsame. Harufu ya chuma kikitumbukizwa majini bado ninayo puani.

Tukitoka shule tulipitia dukani kwa Mama Abdi, naye alitupa chai yake yenye iliki na tangawizi. Alikuwa mkarimu sana, siwezi kumsengenya kwa hilo. Mimi nilipewa glasi yenye maua. Hodan alipewa kikombe cha bati, cheupe chenye ukingo wa buluu, ambacho kilining'inia kwenye msumari wake nje ya mlango na hakikuguswa na mtu mwingine. Nilimwonea wivu mpaka nikakosa usingizi. Siku moja nilijipa moyo nikaomba nami ninywee kile.

"Wewe shika glasi," Mama Abdi akasema. "Hiyo ni ya Hodan tu."

Nikaenda nyumbani nimenuna. Nilijua Hodan anapendwa kunishinda.

Sasa, kwa sisi Wakipsigis, tum ni sherehe. Iwe ya jando, iwe ya harusi, penye wimbo na mursik, maziwa yetu ya mgando yanayotiwa majivu kibuyuni, pana tum. Neno hilo ndilo lililoniponza.

Jumamosi moja nilitumwa uzi. Nilimkuta Mama Abdi akigombana na Abdi kwa Kisomali, naye Abdi ameinamisha kichwa. Sikuelewa kitu, ila maneno mawili. La kwanza lilikuwa Sahra. La pili Mama Abdi alilirudia mara tatu, kila mara akipiga meza kwa kiganja: Tumal, Tumal, Tumal! Nami nilikuwa nimekwisha kuona vile Abdi alivyokuwa akimpelekea Sahra nyuzi za rangi ambazo hakuziagiza. Akili yangu ya darasa la nne ikajumlisha: Abdi, Sahra, tum. Nilitoka mbio, uzi nikausahau.

Mama yangu alikuwa mtu wa kuamini haraka na kuuliza baadaye. "Tum? Kwa Warsame? Na wametunyamazia, sisi majirani?" Alishusha kibuyu cha mursik, akafunga leso, akapita boma kwa boma. Kabla ya saa sita wanawake saba walikuwa wakiteremka njia ya kinu, wakiimba na kupiga vigelegele, nami mbele yao natembea kama niliyeposa mwenyewe.

Warsame aliacha nyundo juu hewani. Mkewe, Mama Sahra, alitoka na unga mikononi.

"Chamgei!" Mama akasalimu. "Tumesikia mko na tum na mmenyamaza! Bibi harusi ako wapi?"

"Tum gani, mama?"

"Si ya Sahra na Abdi! Huyu mtoto amesikia kwa duka. Mama Abdi mwenyewe alikuwa anasema tum, tum, tum."

Sahra aliinuka kwenye cherehani akaingia ndani. Warsame akaweka nyundo chini polepole.

"Hakusema tum," akasema. "Alisema Tumal. Tumal ni sisi. Watu ya chuma. Hiyo neno ni ya kusema kijana yake hawezi kuoa hapa."

"Kwani Sahra amekosa nini?"

"Hajakosa."

"Ama dini ni mbalimbali?"

"Dini ni moja."

"Na lugha?"

"Moja."

"Sasa?"

Warsame alitazama mikono yake. "Babu yao hakula na babu yetu. Hakuoa kwetu. Basi. Kisu tu ndio wanachukua."

Mama aligeuka akawatazama wenzake, labda mmoja ataelewa amweleze. Hakuna aliyeelewa. Mimi nilichanganyikiwa kabisa. Nilitazama mikono ya Warsame nikitafuta hiyo Tumal iko wapi, nikaona masizi tu, na masizi hata baba yangu alikuwa nayo akichoma makaa.

Hapo Mama Abdi akatokea, ameitwa na nyimbo zetu, Abdi nyuma yake. Mama yangu hakujua kurudi na kibuyu kilichojaa. Akamimina mursik kwenye kata, akampa Mama Sahra, naye akanywa. Kwetu kata haioshwi katikati ya sherehe, hupokezwa tu. Mama akaijaza tena, akamnyooshea Mama Abdi.

Mama Abdi aliitazama ile kata.

"Walahi, mama, leo nimefunga," akasema.

Nilikuwa nimemwona asubuhi ile ile akinywa chai. Nilifungua mdomo niseme, Mama akanifinya. Ndipo mkono wa Abdi ukapita juu ya bega la mama yake, ukaichukua kata, naye akanywa mpaka chini kabisa penye majivu. Alijipangusa mdomo. Ndani ya nyumba tulimsikia Sahra analia, na mimi sikujua kama analia kwa kuwa Abdi amenywa au kwa kuwa Mama Abdi hakunywa.

Ningependa niwaambie walioana. Haikupita mwezi, Abdi akapelekwa kwa mjomba wake Garissa. Warsame naye akafungasha mivukuto yake, familia ikahama, sikuambiwa wapi. Siku ya kuondoka Hodan alikuja mbio nyumbani kwetu na kile kikombe cha bati.

"Si ulikuwa unaitaka?" akasema. "Chukua."

Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi sana.

Mama aliwasema Wasomali muda mrefu baada ya hapo. Tukichuma chai utamsikia: "Watu wanasali kwa mkeka moja na hawawezi kuoana! Hiyo ni akili gani?" Mwaka uliofuata mdogo wake, mama mdogo Chepkoech, alipata mchumba kutoka upande wa msitu, kijana mpole aliyekuja na debe la asali. Nyanya yangu alimtazama mara moja tu. "Hao ni watu wa msitu," akasema. "Hawana ng'ombe." Nikamgeukia Mama, nikingoja aseme yale ya mkeka. Mama aliitikia kwa kichwa kukubaliana na nyanya. Kijana alikataliwa; asali tuliila yote.

"Si hii ni kama ya Tumal?" nikamuuliza.

"Hiyo ni tofauti."

"Tofauti gani?"

"Enda ulete kuni."

Sijui nilikwenda kuleta kuni mara ngapi kwa ajili ya swali hilo. Nimekuwa mtu mzima na bado sijajibiwa.

Vijana wetu wa sasa tunawacheka. Wanapendana kwenye simu kabla hawajaonana, na chai wanaitia mfuko wenye kamba ilhali majani yako nje ya dirisha. Lakini juzi binti yangu, aliyemaliza chuo, aliweka simu chini, jambo la nadra, akaniambia ana mchumba, anatoka upande wa msitu, ng'ambo ya mto, na wazazi wa kijana wanataka kuja kutuona. Nilikuwa nakunywa chai yangu ya saa kumi katika kikombe cha Hodan, ambacho sasa kimebanduka rangi. Nikausikia mdomo wangu ukisema, wenyewe, kwa sauti ya nyanya:

"Lakini wale ni..."

"Ni nani, Mama?"

Alikuwa anangoja. Zamani nilisikia neno la dharau, nikaleta wanawake saba na nyimbo kwa sababu sikujua maana yake. Sasa nazijua maana zote. Natamani sana ningekuwa yule mtoto aliyesahau uzi dukani. Nilikitazama kile kikombe, na ule ukingo wa buluu niliouonea wivu, na nikaona haya.

"Mama? Ni nani?"

"Ni tum," nikamwambia. "Nasema hiyo ni tum. Waambie waje, na kata itakuwa moja."