Kwado na Kigari cha Upepo

Hapa Manika, Tata Ngeleka ndiye kwado wetu, fundi wa kuziba na kujaza matairi. Ukimsikiliza utadhani upepo ulizaliwa kwao. Hata mpira wa watoto hauchezwi mtaani kabla hajaubonyeza kwa dole gumba na kukunja uso.

Jumapili baada ya misa, binti yake Jocelyne alileta kutoka Lubumbashi vigari viwili vya plastiki na pampu zake za mkono. Akaeleza: ukishajaza, unachomoa pampu, upepo unatoka nyuma, kigari kinakimbia.

“Mama Jocelyne,” Tata akamwambia mkewe, “leo utashindana na mwenye mupepo. Usilie.”

Mama akapiga pampu kama anayetwanga sombe, majani ya muhogo. Tata akapiga polepole, kichwa kimeinama, kama daktari anayesikiliza kifua.

“Moya, mbili, tatu!” Wote wakachomoa.

Kigari cha Mama kikaruka, kikapita chini ya kiti nilichokalia mimi jirani, kikagonga mbabula, jiko la makaa. Cha Tata hakikutikisika. Mikono iliyozoea kazi haikumwuliza mwenyewe: mmoja ulikuwa umeziba tundu kwa dole gumba, mwingine ukatoa kifuniko cha tairi mfukoni mwa shati, ukakikaza. Naye, bila kufikiri, akapaka mate juu yake kuona kama panavuja.

Mama akainama, akayatazama mate yale kwa makini. Hakukuwa na kiputo hata kimoja.

“Bravo, tata,” akasema. “Kazi njo hii. Mupepo haitoke hata kidogo.”