Flashi Iliyoondoka na Mwanzia

Kompyuta ya Wangoi ilikataa kuwaka siku moja tu baada ya Mwanzia kuiwekea mfumo mpya. Wangoi, mwenye kibanda cha kuchapa na kupiga kopi pale mtaani Lindi, alimpigia fundi huyo simu huko kwake Kawangware.

"Fundi, njoo. Mumbua ameniulia mashine. Nimeshamfukuza."

Mumbua ndiye aliyekuwa akimchapia barua za kuomba kazi na vijitabu vya mazishi.

Mwanzia alifika na flashi yake ya kuokolea mashine zilizokwama. Aliichomeka, akawasha. Badala ya kuonyesha menyu ya uokoaji, kompyuta iliamka moja kwa moja hadi kwenye kazi za Wangoi. Akaichomoa, akawasha tena. Giza.

Hapo akaelewa. Programu ndogo inayoiamsha kompyuta alikuwa ameiweka kimakosa kwenye flashi badala ya diski ya ndani, kisha akaondoka nayo mfukoni. Mashine iliendelea kufanya kazi kwa kuwa haikuwa imezimwa. Stima ilipopotea, ikazimika na kukosa cha kuiamsha.

Aliirudisha flashi, akaandika amri ya kuiweka programu ile kwenye diski ya ndani. Safari hii kompyuta iliwaka bila flashi.

"Wewe ni mkali wa hizi mashine," Wangoi alisema. "Na yule Mumbua anaapa hakuiguza."

"Pengine ni stima."

"Stima inapotea kwetu sote. Mbona mashine ya jirani inawaka?"

Mwanzia alikunja waya uliokuwa umeshakunjwa. "Ni mimi niliyekosea, Wangoi. Mumbua hakuiguza." Akamweleza yote.

Wangoi alisukuma kibodi kando. "Basi enda umwambie arudi. Mimi nitamwangalia na uso gani?"

Mumbua alikuwa akifua nje ya chumba chake, mtaani Raila. Alimsikiliza Mwanzia bila kuinua macho.

"Umemwambia Wangoi kukiwa na nani?"

"Sisi wawili."

"Mimi nilifukuzwa foleni ya wateja ikiwa imejaa. Hata pasta wetu alikuwepo." Alikamua shati. "Nikirudi hivi, mimi ni mharibifu aliyesamehewa."

Asubuhi iliyofuata, foleni ilipofika mlangoni, Mwanzia alisimama kando ya kompyuta, flashi mkononi. Mumbua alikuwa ng'ambo ya mtaro, hajavuka.

"Samahanini, watu wangu," akaanza. "Hii mashine iliharibika kwa sababu yangu."

"Songa, fundi, unaziba printa," mtu mmoja alisema.

Hakusonga. Alianza upya, kwa sauti ya kumfikia Mumbua ng'ambo.